Rock bila lebo: mwongozo kamili kwa anayetunga, kuimba na kupiga gitaa lake mwenyewe

Mtu akiniambia anataka kuanza muziki wa rock peke yake, swali lake la kwanza karibu kila mara ni gitaa gani anunue. Nami humjibu kwa swali: una nyimbo ngapi zilizokwisha? Simaanishi vipande vitamu vilivyolala kwenye simu, wala ule wimbo ambao kila ukifika ubeti wa pili unasema "hapa bado kidogo". Namaanisha wimbo wenye mwanzo na mwisho, ambao hata ukiamshwa usiku wa manane utaupiga. Wengi hunyamaza. Nilipoulizwa hivyo mimi, na mpiga besi mmoja wa makamo, nilikuwa na miaka sita ya gitaa, pedali tano (visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti), na wimbo mmoja na nusu.

Kwa hiyo tutaanza na nyimbo, tutapita mbio kwenye vifaa, tutakaa sana kwenye karatasi, na tutaishia pale lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, inapobisha hodi. Msanii huru ndiye mtunzi, mwimbaji, karani na mbeba amplifaya. Kazi usiyoipenda hakuna wa kumwachia.

Hatua ya 1: Maliza nyimbo kumi

Anayefungua shoo ya wengine hupewa kama nusu saa, na nusu saa ni nyimbo sita au saba. Ukiwa na kumi, unachagua. Ukiwa na tano, unaanza kuongea sana jukwaani ili muda upite, na watu wanajua.

Njia yangu ni hii. Kila wazo naliweka kwenye kinasa sauti cha simu, lakini kabla sijapiga natamka kii (ufunguo wa wimbo), kasi na mahali ilipo kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa: "G, mapigo 132, kapo freti ya pili." Usipofanya hivyo, baada ya mwezi utakuwa na faili mia zenye majina yanayofanana, na hutajua vidole vyako vilikuwa wapi. Jumapili jioni nasikiliza za wiki nzima na kuchagua moja tu. Hiyo naipa siku saba iwe na rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia), beti mbili, kiitikio, kipande cha katikati na mwisho. Ikigoma, naimaliza vibaya makusudi. Kurekebisha wimbo uliokwisha vibaya ni kazi ya jioni moja. Ule uliokatikia hewani ukiurudia unaanza upya.

Kodi zisikutishe kwa kuwa chache. (Za gitaa. Zile za serikali tutazifikia.) Rock nzito imesimama juu ya kodi ya noti mbili, mzizi na noti ya tano, isiyo meja wala maina. Distosheni, ile sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi, inaipenda kwa sababu noti hizo mbili zinaelewana vizuri. Ukiongeza noti ya tatu ndani ya distosheni kali, sauti inageuka tope. Kodi zenye noti nyingi ziwekee sauti safi ya beti, kisha kiitikio kikija shuka kwenye noti mbili na ufungue distosheni. Nyimbo nyingi za rock zimejengwa kwa hila hiyo tu.

Sasa jambo ambalo waandishi wa miongozo ya Kiingereza hawatakwambia kwa sababu haliwahusu. Kiswahili kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Rock ina mapigo manne, na dramu ndogo inagonga la pili na la nne. Maneno yako yakipishana na mapigo hayo, wimbo utasikika kama tafsiri hata kama ulizaliwa kwa Kiswahili. Chukua mstari huu: *Taa imezimika, sijalala.* Mkazo uko kwenye TA, MI na LA. Iangushe TA kwenye pigo la kwanza na uivute. "Imezi" ipite haraka juu ya pigo la pili. MI itue kwenye la tatu. "Sija" juu ya la nne. LA ifungue mzunguko unaofuata. Uimbe huku unapiga goti. Kisha jaribu kuisukuma "ka" ya "imezimika" itue kwenye pigo la tatu. Umesikia? Ghafla ni mtu anayesoma tangazo. Usiubadilishe mstari mzima hapo. Mara nyingi inatosha kuongeza "na", "tu" au "bado" mbele, au kuanza nusu pigo mapema.

Jambo la mwisho kuhusu nyimbo: kii ichaguliwe na koo. Wapiga gitaa tunapenda E na A kwa sababu nyuzi za wazi zinanguruma, halafu tunapiga kelele kwenye kiitikio hadi sauti inakatika. Imba kiitikio bila gitaa, asubuhi na tena usiku ukiwa umechoka, utafute pale noti ya juu kabisa inapotoka bila kukunja shingo. Hiyo ndiyo kii. Kapo itakupandisha nusu toni kwa kila freti. Kushuka, legeza nyuzi zote sita kwa nusu toni, kama Jimi Hendrix alivyozoea kufanya. Vidole vinabaki palepale, koo linapumua.

Hatua ya 2: Vifaa, kwa kifupi

Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Niger ambaye leo anazunguka dunia, gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe na nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli. Naileta habari hii ili tufupishe mjadala.

Gitaa moja la umeme linaloshika sauti yake linatosha. Ukikuta la sumaku za kunasa mlio za safu moja, sauti itakuwa ya wazi na yenye kuuma, lakini itavuta mvumo wa umeme wa ukumbi. La safu mbili linaondoa mvumo huo na sauti yake ni nene. Nyuzi za unene wa inchi 0.010 hadi 0.046 zinawafaa wengi. Ukilegeza nusu toni, chagua nene kidogo. Lipeleke gitaa kwa fundi mara moja alinyooshe shingo na kurekebisha urefu wa nyuzi, maana gitaa la bei ndogo lililorekebishwa linapigika kuliko la ghali lililoachwa hivyo hivyo. Pedali ya kutuni ndiyo ya kwanza kununua. Distosheni ya pili. Nyingine zote zisubiri hadi wimbo uziombe.

Hatua ya 3: Rekodi nyumbani, lakini kwa nidhamu ya studio

Januari 1982 Bruce Springsteen, mwanarock wa Marekani, alikaa kwenye nyumba aliyopanga na mashine ya kaseti ya njia nne, akarekodi nyimbo alizodhani ni za kuionyesha bendi. Bendi ilizijaribu studio, baadhi zikapoteza roho, na kaseti ile ndiyo iliyotolewa kuwa albamu mwaka huohuo. Kompyuta yoyote ya leo ina njia nyingi mno kuliko mashine ile. Tatizo letu ni kwamba hatuchagui.

Unahitaji kadi ya sauti yenye matundu mawili, maiki moja ya kushika mkononi, hedifoni zilizofunika masikio, na programu ya kurekodia. Shure SM57, maiki iliyoingia sokoni 1965, bado inasimama mbele ya amplifaya za rock kila mahali, na sauti ya mtu inaibeba pia. Weka biti 24 na kilohezi 48, au 44.1 ukipenda, chagua moja na usibadilishe katikati ya wimbo. Kilele cha sauti inayoingia kikae kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Ikigusa sifuri inakatika kichwa, na kilichokatika hakirudi.

Ukisikia sauti yako inachelewa kwenye hedifoni, punguza ukubwa wa bafa (akiba ya muda ya sauti kwenye mipangilio ya programu) hadi sampuli 128 au chini wakati wa kurekodi, kisha uupandishe wakati wa kuchanganya sauti ili kompyuta isikwame.

Utaratibu wa siku ya kurekodi wimbo mmoja, kwangu, unakwenda hivi. Naanza na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) na gitaa la ridhimu la kuongozea, ambalo litafutwa. Dramu zinafuata, za mtu au za programu, halafu besi. Baada ya hapo narekodi ridhimu halisi mara mbili. Sinakili, napiga tena toka mwanzo, moja naipeleka kushoto na nyingine kulia. Tofauti ndogondogo za mkono ndizo zinazofanya ukuta wa gitaa uonekane mpana, na ukinakili faili ileile unapata gitaa moja lenye sauti kubwa tu. Maiki naisogeza karibu na kitambaa cha spika, lakini si katikati kabisa ya koni. Katikati sauti inachoma, na ukisogea sentimita chache pembeni inalainika. Tumia nusu saa kusogeza maiki kabla hujagusa kitufe chochote kwenye kompyuta. Kama kadi inaruhusu, rekodi pia gitaa kavu bila amplifaya kwenye njia ya pembeni. Usipoipenda sauti wiki ijayo, utaipitisha gitaa hiyo kavu kwenye amplifaya nyingine bila kupiga upya.

Sauti ya kuimba inakuja mwisho, kiganja kimoja kutoka kwenye maiki, mbele ya kabati la nguo lililofunguliwa. Nguo zinameza mwangwi vizuri sana. Imba wimbo mzima mara tatu au nne kuliko kuimba mstari mmoja mara ishirini.

Kuchanganya sauti unaweza kujifunza. Hatua ya mwisho ya kuandaa masta, yaani rekodi iliyokamilika, mpe mtu mwingine mwenye masikio mapya, na mlipe malipo ya mara moja. Marehemu Steve Albini, aliyerekodi bendi nyingi kubwa za rock, alikuwa anakataa katakata kupokea mirabaha ya rekodi za wengine; alilipwa ujira wa kazi na basi. Tumia mfano wake pale mtayarishaji atakapotaka asilimia ya wimbo wako badala ya ujira. Na usimshinikize fundi aipandishe sauti hadi ipasuke: Spotify husawazisha sauti hadi kiwango cha karibu LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, kwa hiyo wimbo uliobanwa kupita kiasi hushushwa na kubaki mwembamba.

Siku hiyohiyo omba toleo lisilo na sauti ya kuimba, na kila chombo kwenye faili lake. Anayetafuta muziki wa filamu au tangazo huomba vitu hivyo na anavitaka leo. Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba unayoishi.

Hatua ya 4: Karatasi

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Mpiga dramu niliyekuwa naye miaka ya mwanzo alikuja na maneno matatu ya kiitikio. Matatu tu, wakati tunakunywa chai. Wimbo ule ulipopata nafasi kwenye filamu ndogo, alisema nusu ni yake. Mimi nilisema si kitu. Hakuna aliyekuwa mwongo: yeye alikumbuka kiitikio ambacho watu walikiimba, mimi nilikumbuka wiki tatu za beti na rifu. Hatukuwa tumeandika popote. Mwenye filamu alisubiri siku nne kisha akachukua wimbo wa mtu mwingine. Nilipoteza hela, na rafiki pia.

Tangu siku hiyo, wimbo haujaisha hadi karatasi isainiwe. Ni ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, majina ya waliotunga, asilimia ya kila mmoja, jumla 100, sahihi. Mstari wa pili unaonyesha nani anamiliki rekodi yenyewe. Isainiwe chumbani humohumo, kabla ya watu kuondoka, wakati kila mtu ana furaha na wimbo bado hauna thamani.

Mistari hiyo miwili ipo kwa sababu kila wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno. Na kuna rekodi, ile masta. Mtu mwingine akiimba wimbo wako upya, utunzi ni wako na rekodi ni yake. Lebo ikinunua masta, utunzi unabaki kwako usipoutia sahihi nao. Filamu ikitaka wimbo inahitaji ruhusa zote mbili. Ukimiliki zote, mnunuzi anamalizana na mtu mmoja kwa barua pepe moja, na katika biashara ile ya haraka msanii huru ana faida hiyo juu ya msanii mkubwa mwenye wamiliki sita.

Katika nchi wanachama wa Mkataba wa Berne, uliotiwa sahihi 1886, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe na huishi angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Hakuna sharti la kusajili. Lakini kuwa na haki na kulipwa ni mambo mawili. Ili ulipwe, mashine za dunia lazima zikutambue, na zinakutambua kwa namba.

Rekodi inabeba ISRC, alama 12, ambayo msambazaji wako anaweza kukupa. Toleo jipya la wimbo uleule, hata la gitaa lisilo la umeme, linapata ISRC yake. Utunzi unabeba ISWC, inayoanza na herufi T, nayo inatokana na kusajili wimbo kwenye chama cha kukusanya mirabaha. Jiunge na chama kimoja cha watunzi, kisha sajili kila wimbo kwa asilimia zilezile za kwenye karatasi. Asilimia zikipishana kati yako na mwenzako, malipo huzuiwa hadi mtakapopatana.

Upande wa rekodi kuna hakishiriki, haki ya waliopiga na ya mwenye masta pale wimbo unapopigwa hadharani. Sheria hutofautiana kwa nchi. Redio za kawaida za Marekani, kwa mfano, humlipa mtunzi tu. Redio za mtandaoni za huko hulipa pia rekodi kupitia SoundExchange, shirika la kukusanya mirabaha, ambalo hugawa asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu na 5 kwa wapigaji wa ziada. Wewe ni mwenye masta na msanii mkuu kwa pamoja, kwa hiyo jisajili kwa sifa zote mbili. Nimekutana na wasanii waliojaza fomu moja wakadhani wamemaliza.

Hatua ya 5: Toa wimbo

Msambazaji wa mtandaoni, kama DistroKid, TuneCore au CD Baby, ataupeleka wimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni. Wengine hutoza kwa mwaka, wengine kwa kila toleo. Kabla ya kuchagua uliza jambo moja: nikiacha kulipa, nyimbo zangu zinashuka?

Pakia wiki nne kabla ya siku ya kutoka. Spotify hukuruhusu kupendekeza wimbo mmoja ambao haujatoka kwa wahariri wake. Ukifanya hivyo angalau siku 7 kabla, utaingia pia kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wanaokufuata. Andika kwa vitu vinavyosikika: kasi, vyombo, wimbo unahusu nini. "Wimbo mkali sana" hauwasaidii.

Jua kinachohesabiwa huko. Msikilizaji akikaa sekunde 30, imehesabiwa. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati malipo ya rekodi Spotify. Kwa rock, hii ina maana mbili. Utangulizi wa gitaa wa dakika nzima uweke jukwaani. Na usitawanye nguvu kwenye nyimbo kumi kwa siku moja. Toa moja kila wiki sita hivi, kisha albamu ikusanye. Ukikutana na anayeuza idadi ya kusikilizwa, kimbia. Majukwaa hufuta namba za bandia, na wimbo unaweza kushushwa nazo.

Mapato ya kusikilizwa ni madogo, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Shabiki anayenunua ndiye anayeendesha kazi. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na 10 ya vitu vya kushika kama fulana na rekodi, mbali na ada za malipo, na inakupa barua pepe za walionunua. Zitunze. Akaunti yako ya mtandao wa kijamii inaweza kufungiwa kesho asubuhi. Orodha ya barua pepe ni faili lako. Waandikie mara moja kwa mwezi, kama unavyomwandikia mtu unayemjua.

Hatua ya 6: Jukwaani

Kwanza, kupata shoo. Mwenye ukumbi hasomi wasifu wako. Anataka kujua utasikikaje, utaleta watu wangapi, na utamsumbua kiasi gani. Barua iliyonifungulia milango mingi kuliko zote ni fupi hivi:

*Habari za kazi. Tunapiga rock, nyimbo zetu wenyewe, mimi na mpiga dramu, dakika 35. Video ya jukwaani hii hapa, dakika mbili. Shoo iliyopita tulileta watu kama 40. Tunaomba kufungua usiku wowote wa katikati ya wiki mwezi ujao. Tunahitaji maiki mbili. Amplifaya tunakuja nayo. Asante.*

Ile 40 iwe kweli. Kama ni 12, andika 12. Mwenye ukumbi atahesabu mlangoni.

Nyuzi mpya ziweke siku moja kabla, uzivute kwa mkono hadi zitulie. Zikiwekwa saa ya kupanda jukwaani zitakuwa zinalegea wimbo mzima. Mkobani: seti mbili za nyuzi, waya mbili za ziada, piki kumi, betri, tepu nene, kalamu nyeusi, na orodha ya nyimbo kwa maandishi makubwa yenye kii na mahali pa kapo. Uzi wangu wa tatu uliwahi kukatika kwenye wimbo wa pili wa shoo ya kwanza, nikiwa sina wa akiba. Niliimba wimbo mzima uliofuata na dramu peke yake. Baadaye watu waliniambia huo ndio walioupenda, na hadi leo upo kwenye orodha bila gitaa. Lakini bado nabeba nyuzi.

Fundi mitambo ndiye mtu muhimu zaidi usiku huo. Fika mapema, mwulize jina, mpe karatasi inayoonyesha nani anasimama wapi na anahitaji nini. Wakati wa kujaribu sauti, piga sehemu yenye kelele kuliko zote na uimbe kwa nguvu utakayoimba kweli. Ukijaribu kwa unyenyekevu, usiku kila kitu kitapiga mluzi. Monita, ile spika inayokurudishia sauti yako, ikae nyuma kabisa ya maiki, upande maiki isikosikia, na usikifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja, maana ukifanya hivyo inaanza kusikia pande zote. Amplifaya igeuzie kuelekea masikio yako badala ya magoti. Utashangaa jinsi utakavyoipunguza.

Kisha masikio yenyewe. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Hesabu mwenyewe: kwenye desibeli 100, kiwango cha kawaida cha chumba cha mazoezi chenye dramu, umebakiwa na robo saa. Vaa vizibo vya masikio vya wanamuziki kuanzia mazoezi ya kwanza. Mlio wa masikio hauna dawa ya kuuondoa, na Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, amelisema hilo hadharani kwa miaka mingi.

Hatua ya 7: Hesabu

Fungua daftari, au jedwali la kompyuta, lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kwa ajili ya nini. Hela ya muziki isichanganyike na ya nyumbani. Kila ikiingia, tenga kwanza sehemu ya kodi (ndiyo, zile nyingine), kisha sehemu ya rekodi ijayo, na kinachobaki ndicho chako. Vijana wa Teen Idles, bendi ya punk ya Marekani, waliweka fedha za shoo zao kwenye kasha moja bila kugawana. Bendi ilipovunjika 1980, wakazitumia kutoa rekodi yao wenyewe, na hapo ndipo lebo ya Dischord ilipozaliwa. Bado ipo.

Kuchangisha mashabiki kunawezekana ukishakuwa nao. Amanda Palmer, mwimbaji wa Marekani, mwaka 2012 aliomba dola 100,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha, akapata karibu milioni 1.2 kutoka kwa watu 24,883. Kila anayetaja namba hiyo husahau kwamba watu hao walipaswa kutumiwa kitu. Kabla ya kuahidi fulana au sahani ya santuri, piga hesabu ya kuitengeneza, kuifunga na kuituma hadi mlangoni kwa shabiki wa mbali kuliko wote, kisha ndipo upange bei.

Hatua ya 8: Lebo ikibisha hodi

Ani DiFranco, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, alianza na kaseti alizouza kwenye shoo, akaanzisha lebo yake, Righteous Babe, akiwa kijana, na kampuni kubwa zilipokuja akazikataa. Si lazima umuige. Lebo nzuri ina watu wanaofanya kazi ambazo wewe unazifanya saa sita usiku.

Ila soma mkataba kwa utaratibu huu. Tafuta kwanza kama wanakodisha masta au wanaichukua. Kukodisha kwa miaka kadhaa ni kawaida siku hizi, kwa hiyo liombe neno hilo. Angalia fedha za kutangulizwa: hizo si zawadi, zitakatwa kwenye mirabaha yako hadi ziishe, na mara nyingi gharama za kurekodi na za video zinajumlishwa humo. Angalia kama wanagusa utunzi, shoo na fulana, au rekodi tu. Angalia ni nyimbo ngapi utadaiwa, na nani anaamua kama wimbo umefaa. Kisha mpelekee wakili anayejua muziki, unayemlipa wewe, asiyelipwa na wao.

Kabla ya kumpelekea, chukua kalamu ya rangi upigie mstari tarehe ambayo masta inarudi kwako. Kama huioni mahali popote kwenye kurasa hizo, waandikie lebo barua ya mstari mmoja kuuliza iko ukurasa gani, na usilipe wakili hadi wajibu.